Kaseti Zilizoamia Mpunga wa Shangazi Tatu

Wadogo zangu mnaopanda dungu msimu huu, mwenzenu nimestaafu. Msicheke. Mstaafu mnayemjua nyie ana mvi, fimbo na faili la mafao, na mimi bado nasuka rasta na ndoto yangu ya kuimba jukwaani sijaitupa. Lakini kazi ya kuamia ndege ni kama mpira wa miguu, ina umri wake. Koo linachoka, bega la kombeo linachoka, na siku moja unawaona ndege wanakutazama kwa huruma. Siku hiyo shuka. Mimi nilishuka, na sasa nakaanga vitumbua Kilosa mjini, pembeni ya soko, ambako ndege anayenisumbua ni kuku wa jirani tu.

Juzi binti mmoja mchangamfu alikuja kununua vitumbua, begi mgongoni. Nikamuuliza safari ya wapi.

"Tindiga, dada. Naenda kuamia mpunga wa babu. Nimenunua na spika kabisa, mwaka huu watakoma!"

Nikacheka mpaka vitumbua vikaungua upande mmoja. Sikumcheka yeye, nilijicheka mimi, maana spika hiyo nimeshawahi kuwa nayo. Vile vilivyoungua nikampa bure, bodaboda wake akapiga honi, akaondoka sijamwambia hata nusu ya niliyotaka kumwambia. Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyoongea.

Kwa asiyejua, kuamia ni kukaa shambani kutwa nzima kufukuza ndege wasile mpunga. Unakaa juu ya dungu, kichanja cha miti kilichoinuliwa ili uone shamba lote. Silaha zako ni kombeo na madonge ya udongo, kamba zenye makopo unazozivuta ukiwa juu, na mdomo wako. Adui ni kwelea. Mdogo, hajai kiganja, mdomo mwekundu kama amepaka rangi ya kwendea harusini. Ukimtazama mmoja unaweza kumpenda. Shida ni kwamba hajawahi kuja mmoja. Wanakuja kama moshi, moshi unaopinda, na wakishuka mbawa zao zinavuma kama mvua inayokuja mbio kwenye migomba.

Mimi nimezaliwa Mikumi. Kwetu mwizi hakuwa ndege, alikuwa nyani. Na nyani ana dharau, wadogo zangu, nyani anamjua mwanamke! Mama alikuwa na kibanda cha mihogo ya kukaanga kando ya barabara. Akiwafukuza kwa ufagio wanasogea kidogo, wanakaa, wanajikuna. Akipita mwanamume yeyote, hata mzee anayejikongoja, wanatimua mbio. Mama akachoka. Siku moja akavaa suruali ya baba, koti la baba, kofia ya baba, akatoka na fimbo huku ametanua mabega. Nyani wakakimbia mpaka ng'ambo ya lami. Mama kwa furaha akapiga kigelegele. Wale nyani wakasimama. Wakageuka. Wakatazamana, nakwambieni ukweli, wakatazamana kama watu waliotapeliwa, kisha wakarudi wakachukua mihogo mbele ya macho yake. Tangu hapo mama akawa anatoka kimya, anakohoa kwa sauti nzito, basi. Watu tunadhani mnyama anatuona tu. Mnyama anatusikiliza.

Lakini hilo nililisahau nilipofika Tindiga. Nilikuwa nimeitwa na Shangazi Tatu, dada yake baba, nikakae naye. Mumewe, Mzee Omari, alikuwa ameshafariki, na mtoto wao wa pekee, Kaka Hamisi, anafanya kazi Dar. Shangazi alikuwa na shamba la mpunga bondeni, nyumba ya vyumba viwili na ulimi unaokata kuliko mundu.

Siku ya kwanza nikapanda dungu nikaimba. Mimi nilijua kazi yenyewe ndiyo kuimba, na kuimba ndiyo raha yangu. Nikaimba za harusini, nikaimba za kumbembeleza mtoto, nikaimba na zile ninazotunga mwenyewe. Kwelea wakaja, wakatua, wakala. Shangazi alikuwa chini anapalilia bamia zake. Akanyoosha mgongo.

"We Redio!" Jina hilo alinipa siku hiyo na mpaka leo halijatoka. "Unaamia au unaalika?"

"Naimba, shangazi."

"Nakusikia. Na wao wanakusikia, ndiyo maana wamekaa. Chakula umewapa, muziki umewapa, bado mkeka tu."

Akapanda dungu mwenyewe. Akakaa kimya kabisa. Kundi likaja, likainama litue, ndipo akapasua "Heee!" moja tu, akavuta kamba ya makopo mara moja, akanyamaza tena. Kundi lote likaruka juu. Akawasindikiza kwa maneno ya Kisagara ambayo nilikuja kuyaelewa baadaye na siwezi kuyaandika, maana mama yangu naye anasoma.

"Ndege hakimbii kelele," akaniambia akishuka. "Kelele anazo yeye mwenyewe, nyumbani kwao ni kelele tupu. Ndege anakimbia kushtuka. Wewe ukiimba mfululizo anakuzoea kama anavyouzoea mto."

Na mengine nimeyaokota huko huko juu, nawagawia. Muamke kabla yao, kwa sababu kwelea anakula sana asubuhi na jioni. Mchana jua likiwaka anakwenda kujificha kwenye matete, na hapo ndipo na wewe ule. Usirushe donge katikati ya kundi, rusha pale wanapotaka kutua, maana wa nyuma wanamfuata wa mbele, na wa mbele akighairi wote wameghairi. Madonge yafinyange mapema yashike kidogo. Donge bichi linang'ang'ania kwenye kombeo halafu linakurudia usoni, na watu nyumbani wakiona jicho limevimba hawaamini kuwa umejipiga mwenyewe. Na kila asubuhi minya punje moja. Ikitoa maziwa, hizo ndizo siku zao, usimwachie mtu zamu yako hata kama ni harusi ya rafiki yako kipenzi.

Na ukimpata kwelea, mle. Sisemi kwa chuki. Shangazi alikuwa anawanyonyoa, anawapaka chumvi na ndimu, anawakaanga mpaka mifupa inakuwa kama bisi, unatafuna mzima mzima na wali. Siku ya kwanza nilimwonea huruma yule ndege mpaka machozi yakanilenga. Shangazi akaniambia, "Lia, lakini huku unakula. Huo nao ni mpunga wangu, umepita njia ndefu tu." Nikaonja. Nikaacha kulia.

Sasa hiyo spika. Mwaka mmoja nilipata spika ndogo ya kuchaji, nikafurahi kuliko mtu aliyenunua gari. Nikaifunga juu ya mti katikati ya shamba, nikaweka bongo fleva, nikalala chini ya dungu. Siku ya kwanza hakutua hata ndege mmoja. Nikajiona mgunduzi. Siku ya pili wakawa wanazunguka kwa mbali, wanasikiliza. Siku iliyofuata nimeinua kichwa, naona kwelea amesimama juu ya spika yenyewe, anatikisa mkia kwenye mdundo, na ameshainyea. Wenzake chini wanakula. Shangazi alipita, akatazama, akaniuliza kwa upole sana, "Huyo ndiye msanii au meneja?"

Basi, hayo ni ya kuchekea. Sasa niwaambie mwaka ambao hatukucheka mwanzoni.

Msimu wa nyuma yake mto ulikuwa umefurika, mpunga wote bondeni ukalala chini ya maji na tope. Hatukuvuna kitu. Kaka Hamisi akawa anatutumia unga kutoka Dar, na kila akipiga simu wimbo ni ule ule: mama aje Dar, mama amezeeka, mama ataliwa na tope siku moja. Mwishowe wakakubaliana. Nilikuwepo, simu ilikuwa kwenye sauti kubwa kwa sababu Shangazi hasikii vizuri sikio moja.

"Mama, msimu huu wa mwisho. Usipovuna tena, nakuja kukuchukua. Hakuna mjadala."

"Sawa."

"Sawa kweli, au sawa ya kunikatia simu?"

"Sawa kweli. Nikivuna, je?"

"Ukivuna unakaa. Sitakusumbua tena."

Alipokata simu akaendelea kuchambua maharage. Nikamwambia Dar siyo mbaya, kuna wajukuu, kuna umeme.

"Wajukuu nawapenda," akasema. "Lakini Dar nitaamia nini? Magari?" Kisha akaacha utani. "Redio, hapa nikiamka najua pa kuanzia. Kule nitaamka nikae kitandani nisubiri mtu aniambie chai iko tayari. Mimi siyo mgonjwa."

Kwa hiyo mjue, ule mpunga haukuwa mpunga tu. Ulikuwa ndiyo nyumba yake.

Na ulikubali! Mvua ilikuja kwa adabu, mpunga ukasimama mpaka watu wanaopita njiani wanasimama kuusifia, na Shangazi anatema mate pembeni ili sifa zisiudhuru. Ukatoa masuke. Nikaminya punje, maziwa. Na kesho yake moshi wa kwelea ukatokea upande wa mbuga, mkubwa kuliko niliowahi kuuona.

Nilipiga kelele siku ile kama sijawahi. Kushtua kwa mpangilio hakukuwezekana, kundi hili likiruka lile linatua. Vumbi, upepo, jua, mimi napiga mayowe na kurusha madonge mpaka giza likawafukuza wao na mimi. Asubuhi yake nikaamka, nikamkuta Shangazi jikoni, nikapiga goti niseme shikamoo. Haikutoka. Ulitoka upepo tu, kama tairi la baiskeli.

Shangazi hakugeuka. Akasubiri. Mnajua kwetu mambo ya shikamoo hayana mzaha.

"Nyumba hii siku hizi watu wanaamka kama mbuzi," akasema. "Wanapita tu."

Nikaguna, nikajishika koo, nikapiga goti tena, nikapunga mikono. Akageuka akaniona nahangaika pale chini kama bubu anayeuza samaki, na uso wake ukabadilika. Hakucheka. Mwamiaji hana sauti, na mpunga una maziwa.

"Marahaba," akasema taratibu. "Fungua mdomo nione."

Akanipa tangawizi, akanipa asali, akanifunga khanga shingoni. Tukaenda shambani wote wawili, mimi na kombeo, yeye na debe la kupiga. Lakini makopo walikuwa wameshayazoea, na debe wakalizoea kabla ya jua kupanda. Kuna kitu kimoja cha mpunga kinachouma moyo. Suke lililojaa linainama, na lililoliwa linasimama wima. Kwa hiyo ukitazama kwa mbali, shamba lililoliwa ndilo linaonekana limenyooka, limependeza. Ile kona ya karibu na mfereji ilikuwa inaanza kunyooka. Shangazi alikuwa anakimbia huku na huku, mwanamke wa umri ule, khanga inamdondoka, na mimi siwezi hata kumwambia pumzika.

Ndipo akaja Mama Kulwa. Huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, familia yao ilihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Yeye na Shangazi walikuwa wanasalimiana, lakini kwa salamu fupi, kwa sababu ng'ombe wao mmoja aliwahi kuingia shambani kwetu. Akasimama kwenye tuta na ndoo yake ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukija na ng'ombe leo mtalazimika kugombania na ndege."

"Nimekuja peke yangu," akasema Mama Kulwa, na akacheka. "Mama, mbona hamjafunga mkanda wa kaseti? Kule kwetu kwenye majaruba ya mpunga tulikuwa tunafunga mkanda wa kaseti. Unautoa kwenye kile kidude chake, unaukaza kutoka mti mpaka mti. Upepo ukipiga unaimba."

"Unaimba nini?" Shangazi akauliza, anahema.

"Hauna nyimbo. Unavuma tu, mara juu mara chini, na unameremeta. Ndege hajui ni kitu gani. Ila siku hizi kaseti nani anazo?"

Shangazi akaweka debe chini. Akaondoka kuelekea nyumbani, saa ile ile ya hatari, bila kuniambia kitu. Nikabaki na kombeo na Mama Kulwa, ambaye aliliokota lile debe akaanza kupiga bila kuombwa.

Aliporudi alikuwa amebeba kichwani sufuria kubwa ya shughuli, mfuniko wake umefungwa kwa kitambaa. Akaitua kwenye tuta, akafungua. Humo ndani kulikuwa na kaseti. Na mimi nilizijua zile kaseti.

Mzee Omari alikuwa anakata miwa Ruhembe ujana wake, na jioni alikuwa anaimba. Harusi zote za huku na huko walikuwa wanamwita, na mwenye redio kaseti alikuwa anamrekodi. Redio ya kwao ilishakufa zamani, panya wakala waya, lakini kaseti Shangazi alikuwa anazitunza kwenye hiyo sufuria juu ya dari, mbali na panya na mbali na maji. Mafuriko yalipokuja, alitoka nayo kichwani kabla hajatoka na godoro. Sasa anazitoa moja moja, anazipanga kwenye majani.

Nikamshika mkono. Nikatikisa kichwa. Ningekuwa na sauti ningekataa, ningepiga kelele mpaka Kilosa wanisikie. Sikuwa nayo. Nikabaki namtikisia kichwa na machozi yananitoka.

"Nini wewe?" akasema. "Ameniimbia mimi miaka yote ile, akaimbia harusi za watu waliokwishaachana. Sasa amekaa kimya humu kwenye sufuria, hana anayemsikia. Na aimbe kidogo, ana deni gani na kimya?"

Mama Kulwa akashusha debe. "Mama, ni za nani hizi?"

"Za mwenye shamba," akasema Shangazi. "Nionyeshe mnavyofunga."

Basi tukafunga. Mnaotaka kujaribu, hili ni muhimu: mkanda usiuache ulale bapa. Uzungushe mara moja moja unapoukaza, ujisokote kidogo, ndiyo upepo unapata pa kuushika. Na uwe juu kidogo ya masuke, siyo mbali. Tukachomeka fito, tukavuta mikanda kutoka fito hadi fito, kahawia inayong'aa, mita kwa mita za harusi na vigelegele na sauti ya Mzee Omari ambayo mimi sijawahi kuisikia. Tulipomaliza mistari ya kwanza upepo haukuwepo. Mikanda ikaning'inia tu. Moshi ukatokea. Ukapinda juu yetu, ukaanza kuinama.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya mpunga, mikono kiunoni. "Omari," akasema, kama mtu anayemwita mumewe aamke akafunge mlango. "Omari, we."

Upepo ukaja kutoka milimani. Kwanza mkanda mmoja, mmm, kisha wa pili kwa sauti nyingine, kisha shamba zima likaanza kuvuma, mara juu, mara chini, kama watu wengi wanaoguna wimbo huku wamefumba midomo. Jua likashika mikanda ikawaka. Na lile kundi, naapa, lilikuwa limeshashusha miguu. Lilipinda palepale, likajikunja kama shuka linalokung'utwa, likaenda zake. Mama Kulwa akapiga debe kwa furaha, tukamnyamazisha wote wawili, Shangazi kwa ulimi na mimi kwa mikono.

Tukafunga zilizobaki. Na kwa kuwa Shangazi alikuwa anajua kuwa ndege anazoea kila kitu, kila asubuhi tulikuwa tunahamisha mistari, leo inakata hivi, kesho inakata vile, na siku nyingine tunaitoa upande mmoja kabisa halafu tunairudisha mchana. Mama Kulwa akawa anakuja na watoto wake kusaidia kuhamisha. Salamu zikarefuka. "Ng'ombe wako wanapenda wali wangu," Shangazi anamwambia. "Wali hawajaonja, mama, wameishia kwenye majani." Wanacheka. Koo langu likaanza kurudi, kwanza kama chura, kisha kama mtu.

Hapo katikati Kaka Hamisi akapiga simu. Tulikuwa shambani, upepo umekolea.

"Mama, hiyo sauti nyuma yako ni nini?"

"Baba yako," akasema Shangazi, macho yake kwenye ndege.

"Mama... umesema nani?"

"Baba yako. Anaamia. Nitakupigia, sasa hivi kuna kundi linakuja." Akakata.

Kesho yake Kaka Hamisi akashuka treni Kilosa, akachukua bodaboda moja kwa moja mpaka tutani. Alikuwa na begi kubwa tupu. Begi lile nililiona kabla sijamwona yeye vizuri. Akamwamkia mama yake, akamwamkia Mama Kulwa, kisha akanivuta pembeni.

"Redio, niambie ukweli. Mama alianza lini kumsikia mzee?"

Nikajaribu kumweleza. Sauti yangu ilikuwa bado ya chura, ikawa inakatika katika, na nadhani nilimtisha zaidi. Ikabidi nimshike mkono nimpeleke ndani ya mpunga, nimwonyeshe mkanda, nimwonyeshe vile vidude vitupu vya kaseti vimejaa kwenye sufuria. Akaokota kimoja. Kilikuwa na mwandiko wa baba yake, jina la bwana harusi.

Akakunja uso. "Mama, hizi ni za baba. Dar wanazihamishia kwenye simu siku hizi. Ungeniambia!"

"Wewe ulikuwa unaniambia habari za unga tu, nami nitakuambia saa ngapi?" Shangazi akamjibu, lakini kwa upole. "Baba yako alikuwa anapenda kusikika, Hamisi. Hakupenda kutunzwa." Akapeleka mkono kwenye pindo la khanga, akafungua fundo. "Na mimi siyo mjinga. Nimebakiza moja. Ile ya harusi yetu."

Kaka Hamisi akaipokea kwa mikono miwili. (Ile moja alikuja kuihamishia kweli, akamrushia mama yake kwenye simu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe alikuwa anakosea hivi? Kwenye upepo anaimba vizuri zaidi." Lakini kila jioni anaiweka.)

Mpunga ulikuwa umefika pale ambapo punje siyo maziwa tena na haijawa ngumu bado. Shangazi akakata masuke kadhaa, akayapura, akazikaanga punje kavu kavu kwenye chungu mpaka zikaanza kurukaruka, akazimwaga kwenye kinu zikiwa moto. Chakula hiki tunakiita pepeta. Lazima itwangwe haraka kabla haijapoa, kwa hiyo hakuna muda wa kununa. Mama Kulwa akashika mchi mmoja, Kaka Hamisi akavua saa akashika mwingine, wakapishana, pu, pu, pu, na mimi napepeta makapi. Punje zikalala bapa, kijani, zinanukia kama mvua na moshi. Tukala kwa mkono, kwenye ungo mmoja.

Kaka Hamisi akatafuna. Akainuka, akaingia shambani peke yake, akachuma punje hapa, akachuma pale, hata kule kwenye kona iliyoliwa. Anaziminya kwa kucha. Shangazi hakumtazama. Alikuwa anakusanya punje zilizobaki kwenye ungo, moja moja.

Akarudi. "Zinakaza," akasema.

"Zinakaza," Shangazi akaitika.

"Kona imeliwa."

"Kona ni ya ndege. Kila mwaka kuna kona ya ndege."

"Lakini mavuno yapo."

"Si nilikuuliza, nikivuna, je?"

Kaka Hamisi akakaa chini kwenye majani, shati lake la Dar na yote, akapumua mpaka mabega yakashuka. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anacheka. "Mama, unajua nilivyolala jana? Nilijua umechanganyikiwa. Nimekuja na begi la nguo zako. Nimemwambia mke wangu aandae chumba."

"Mwambie akitumie chumba kukaushia nguo," akasema Shangazi.

Alikaa mpaka tulipoanza kukata. Alikuwa mkataji mbaya, Mungu amsamehe, Mama Kulwa alikuwa anampita huku anaongea na simu. Siku ya kuondoka lile begi lilijaa, na watu wa njiani waliotuona tunalisindikiza kwenye bodaboda wakasimama.

"Bi Tatu! Ndiyo unatuacha?" akauliza mwenye duka, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli.

"Nani, mimi?" Shangazi akalipiga begi kofi. "Anayeondoka ni huyu na mchele wake. Mimi nina kazi."

Kaka Hamisi akapanda, akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika begi. Alitaka kusema kitu kirefu, nikamwona. Akasema tu, "Nitakuja kuvuna na mwakani."

"Uje na mundu wako, wangu umeuharibu."

Bodaboda ikaondoka. Mimi nilibaki pale barabarani napunga mkono kama mjinga, nacheka na kulia kwa pamoja, moyo mwepesi kama pamba. Nilipogeuka nimwambie Shangazi kitu, hakuwepo. Alikuwa ameshashuka bondeni, ameinama, anakata.